Wastani wake umeshuka hadi .228: je, kijana wetu amekwama?

Swali la msomaji: Ninaishi Des Moines, Iowa, na asili yangu ni Uvira. Mtoto wa jirani, aliyekua pamoja na wanangu na kula ugali mezani kwangu, alichaguliwa kwenye drafti ya besiboli (klabu zinapogawana vijana wapya) akiwa na miaka 18, mara tu alipomaliza sekondari. Anacheza shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Mwaka jana akiwa Single-A, daraja la chini la besiboli ya kulipwa, alipiga .270, mtaa mzima ukafurahi. Mwaka huu wamempandisha High-A, katika ligi ya Midwest, na sasa yuko .228. Kila usiku nafungua simu kutazama namba zake, kila usiku nalala na wasiwasi. Juzi mwenzake mwenye wastani mdogo kuliko wake amepandishwa Double-A, yeye kaachwa. Je, kijana ndiyo basi tena? Na mtu kama mimi, niliyejifunza besiboli ukubwani, nimfuatilie vipi? Namba zake ni hizi. Mwaka jana: zamu 430, vipigo 108, homurani 6, besi za bure 30, straiki tatu 118. Mwaka huu hadi sasa: zamu 284, vipigo 57, homurani 8, besi za bure 34, straiki tatu 61. Ana miaka 20.

Jibu: Ndugu yangu, nashukuru kwa kuniletea hesabu nzima badala ya wastani peke yake. Ungeniandikia ".270 halafu .228" ningekosa la kukuambia. Kwa kuwa umeandika yote, nimekaa na kalamu, na nakujibu bila kusita: kijana huyu anapiga vizuri zaidi leo kuliko mwaka jana mlipokuwa mnashangilia.

Najua hilo halionekani kwa macho, kwa hiyo twende polepole.

Wastani wa kupiga ni vipigo (mipira aliyoigonga akafika besi salama) vikigawanywa kwa zamu, ila zamu aliyopewa besi ya bure haihesabiwi. Mwaka jana ukitoa zile 30, anabaki na zamu 400. Vipigo 108 kwa 400 ni .270. Mwaka huu ukitoa 34, anabaki na 250; vipigo 57 kwa 250 ni .228. (Zamu za aina nyingine, kama kugongwa na mpira, hukuzitaja, nami nimeziacha.) Wastani huo una kasoro kubwa: unamwona mtu aliyesimama imara, akaacha mipira minne mibaya ipite na kutembea hadi besi ya kwanza, kana kwamba hakufanya kitu. Lakini timu inafunga kwa watu walioko kwenye besi, hata kama wamefika kwa kutembea. Basi jumlisha vipigo na besi za bure, ugawe kwa zamu zote. Mwaka jana: 138 kwa 430, yaani .321. Mwaka huu: 91 kwa 284, yaani .320.

Hebu irudie mara ya pili. Kijana unayemlilia anafika besi sawasawa kabisa na alivyokuwa akifika mwaka jana, na safari hii ni dhidi ya warushaji wakubwa kuliko wale.

Sasa tazama straiki tatu, yaani kutolewa bila kuuingiza mpira uwanjani. Mwaka jana alitolewa hivyo katika asilimia 27 ya zamu zake. Mwaka huu ni asilimia 21 na nusu. Besi za bure zilikuwa asilimia 7, leo ni 12. Hizi mbili ndizo namba ninazozitazama kwanza kwa chipukizi yeyote, kwa sababu ndani yake hamna mlinzi wa kuudaka mpira wala upepo wa kuusukuma. Ni mrushaji, mpigaji na mwamuzi basi. Zikiboreka kwa pamoja hivi, moja ikishuka na nyingine ikipanda, tena mtu akiwa amehamia daraja gumu zaidi, maana yake macho yake yamejifunza kitu. Ameanza kuutambua mpira unaopinda kabla haujapinda. Kitu hicho kwa wengi huchukua miaka, na wapo wasiokipata kamwe.

Kwa nini basi wastani umeanguka? Chukua mipira yote aliyoigonga ikaingia uwanjani, bila homurani (mpira uliovuka uzio) na bila straiki tatu, uone ni mingapi ilizaa kipigo. Mwaka jana ni 102 kati ya 276: .370. Mwaka huu ni 49 kati ya 181: .271. Katika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) kiwango cha kawaida huzunguka .300, mwaka nenda mwaka rudi. Huko madaraja ya chini kinaweza kuzidi kidogo, kwa kuwa walinzi bado wanajifunza na nyasi za viwanja vingine zina mabonde. Lakini .370 haidumu. Mwaka jana mipira yake ilipata mianya. Kama ingeangukia kiwango cha .300, angemaliza msimu na .222 au karibu na hapo. Mwaka huu, kwa kiwango hichohicho, angeongeza vipigo vitano tu na sasa angesoma .248. Wasiwasi wako ulikuwa na mahali pake mwaka jana, wakati wa shangwe.

Nisikupambe lakini. Kiwango cha chini cha mipira inayozaa kipigo si lazima kiwe bahati mbaya. Homurani zake zimeongezeka, 8 katika zamu 284 dhidi ya 6 katika 430, na mara nyingi kijana anayetafuta nguvu huanza kuuinua mpira mno. Mpira unaopaa juu moja kwa moja na kudakwa na mlinzi wa ndani hauna bahati wala nuksi. Ni kifo tu. Simu haitakuonyesha hilo vizuri. Utaliona ukienda uwanjani, na hapo nitarudi.

Umri wake wenyewe ni habari njema. Wapigaji wengi wa High-A wana miaka 22 au 23, wengi wao wametoka vyuo vikuu ambako walicheza miaka mitatu au minne. Huyu ana 20. Anashindana na watu waliomtangulia kuota ndevu, na anawapa kazi. Mpigaji wa miaka 24 mwenye .300 pale pale High-A angenisisimua kidogo kuliko yeye. Ukiona jina lolote kwenye orodha ya takwimu, soma umri kabla ya wastani.

Ngazi yenyewe iko hivi. Kuna klabu 30 za Ligi Kuu, na tangu 2021 kila moja ina timu nne za msimu mzima chini yake: Single-A, High-A, Double-A, Triple-A. Jumla ni timu 120. Kabla ya mabadiliko hayo, ukijumlisha na timu za msimu mfupi, zilikuwa 160. Chini zaidi kuna ligi za mafunzo kule Florida na Arizona, na nyingine Jamhuri ya Dominika, ambako vijana waliosajiliwa wakiwa na miaka 16 huanzia. Juu kabisa nafasi ni 26 kwa kila klabu, yaani 780 kwa wachezaji wa dunia nzima. Wengi wanaoingia kwenye drafti hawazifikii, na mtu akikuahidi kwamba wa kwenu atafika, msikilize kwa adabu tu.

Katika ngazi hizo, mlango mgumu ni Double-A. Triple-A hukaa wakongwe wanaosubiri kuitwa. Double-A ndiko warushaji wenye mikono ya hatari wanakutana na wapigaji wenye akili, na huko udhaifu wa mtu hutangazwa ndani ya wiki mbili. Mrushaji wa Single-A ana mpira wa kasi tu na hajui utakwenda wapi. Wa Double-A anakuja na mpira wa kasi, mpira unaopinda na mpira wa polepole, na anautupa wowote kati ya hiyo hata kama yuko nyuma kwenye hesabu ya mipira mibaya na straiki. Michael Jordan, aliyekwisha kutwaa ubingwa wa NBA mara tatu, alipojaribu besiboli mwaka 1994 alipelekwa moja kwa moja Double-A, Birmingham. Alipiga .202 na kutolewa kwa straiki tatu mara 114 katika mechi 127. Watu walimcheka. Mimi kila nikiitazama ile .202 namvulia kofia: mtu ambaye hakuwa amecheza besiboli ya mashindano tangu ujana wake, kusimama pale na kupata kipigo kimoja katika kila zamu tano, si jambo dogo.

Sasa suala la mwenzake aliyepandishwa. Sijamwona, lakini kupandishwa hakuendi kwa wastani, na mara nyingi hakuendi kwa ubora pia. Klabu inaweza kuwa na pengo la mlinzi wa besi ya tatu huko juu kwa sababu mtu kaumia. Inaweza kuwa imemlipa huyo bonasi kubwa ya kusaini na inataka kujua mapema imenunua nini. Na kuna saa ambayo mashabiki wengi hawaioni ikienda: aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini, klabu ina misimu mitano ya kuamua kama itamweka kwenye orodha yake ya wachezaji 40 wanaolindwa. Aliyesaini na miaka 19 au zaidi, misimu minne. Ikipita bila kumlinda, Desemba klabu nyingine yoyote inaweza kumchukua kwa dola 100,000, ila imweke kwenye timu yake ya Ligi Kuu msimu mzima unaofuata, la sivyo imrudishe kwa mwenyewe. Yule mwenzake kama ni kijana wa Dominika au Venezuela aliyesaini akiwa na 16, saa yake inaweza kuwa imekaribia mwisho, na klabu inamharakisha ijue la kufanya. Wa kwenu bado ana muda. Kuachwa High-A kwa miezi miwili zaidi hakujaandikwa popote kama adhabu.

Nakupa mfano mmoja ambao kwangu ni wa moyoni, kwa sababu ni wa Mwafrika. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikulia kwenye klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg. Mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi pale, na familia iliishi ndani ya jengo la klabu. Klabu ya Pittsburgh Pirates ilimsajili mwaka 2008, baada ya kumwona kwenye kambi ya mafunzo huko Italia. Akaanza kupanda ngazi: ligi ya mafunzo ya Florida, halafu timu za State College, West Virginia, Bradenton, Altoona, Indianapolis. Karibu kila msimu wastani wake ulikaa chini ya .250. Angekuwa na rafiki kama wewe anayefungua simu kila usiku, huyo rafiki angeugua. Lakini Pirates hawakumwacha, kwa sababu glavu yake ilikuwa ya kiwango cha Ligi Kuu. Uwanjani alifika kwenye mipira ambayo wengine waliiangalia ikipita.

Tarehe 26 Aprili 2017 aliingia dhidi ya Chicago Cubs, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa barani kucheza Ligi Kuu. Zamu yake ya kwanza ilikuwa mbele ya Jon Lester, mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zake, na akapata kipigo. Mama yake alikuwa amefariki kabla ya siku hiyo. Nimeitazama picha ya video ile mara nyingi, na bado naona uzito wa miaka minane ya mabasi na hoteli za bei nafuu katika ile mikono iliyoshika gongo.

Hadithi haikuishia kwenye sherehe. Alicheza mechi 28 mwaka huo, straiki tatu zikamwandama, akahamia klabu ya Toronto, akacheza mechi 13 mwaka 2018. Ndizo mechi zake 41 za Ligi Kuu. Yote mawili yamo humo: glavu ilimfikisha mlimani, na gongo halikumruhusu kukaa. Nakusimulia ili ujue cha kuuliza kuhusu wa kwenu, ambaye naye ni shotistopu. Je, bado wanampanga shotistopu kila siku? Ukiona mechi tatu kati ya sita anapangwa besi ya pili au pembeni, klabu imeanza kuamini kwamba miguu au mkono wake hautatosha pale. Hapo gongo lake litatakiwa lizae zaidi, kwa kuwa mlinzi wa pembeni anaishi kwa kupiga. Ninyi mnatazama .228, wasaka vipaji wa klabu wanatazama hatua yake ya kwanza mpira ukitoka kwenye gongo. Wana mizani yao ya kutoka 20 hadi 80, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu, na wanampa alama tofauti kwa kupiga, nguvu, mbio, mkono na ulinzi.

Kushuka nako kusikutishe hata akifika juu. Aaron Judge alipoingia Ligi Kuu mwaka 2016 alipiga .179, akatolewa kwa straiki tatu mara 42 katika zamu 84 zilizohesabiwa. Mwaka uliofuata alipiga homurani 52. Jackson Holliday, chaguo la kwanza kabisa la drafti ya 2022, alipitia madaraja yote manne katika mwaka mmoja wa 2023, akaitwa na klabu ya Baltimore Aprili 2024, akapata vipigo 2 katika 34. Wakamrudisha Triple-A baada ya mechi kumi, na Julai akarudi. Kuna vijana ambao hawajawahi kushindwa maishani mwao mpaka wafike daraja fulani, na daraja hilo huwaumiza sana kwa kuwa hawana mazoea ya kuumia. Wa kwenu anazoea mapema.

Jinsi ya kufuatilia. Kwanza, acha kufungua simu kila usiku. Nasema kwa kumaanisha. Timu hizi hucheza mechi sita na mpinzani mmoja, Jumanne hadi Jumapili, halafu Jumatatu ni mapumziko na safari. Basi Jumatatu jioni iwe siku yako. Andika kwenye daftari zamu, besi za bure na straiki tatu za wiki ile, nafasi aliyocheza, na kama jina lake halikuonekana, tazama taarifa za uhamisho wa klabu ujue kama amewekwa kwenye orodha ya majeruhi ya siku 7. Baada ya wiki nne jumlisha. Chini ya hapo unasoma upepo. Tofauti kati ya .228 na .260 katika msimu wa zamu 400 ni vipigo 13, yaani kipigo kimoja zaidi kila baada ya siku kumi na mbili hivi. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuona hilo katika mechi ya Jumatano.

Aprili ya ligi ya Midwest uipunguzie uzito. Wewe unaishi Iowa, unaijua. Baridi ile mpira hauendi mbali na mikono inawaka gongo likigonga vibaya. Tenganisha namba za Aprili na za Juni kwenye daftari lako. Sitashangaa ukikuta watu wawili tofauti.

Pili, nenda ukamwone. Cedar Rapids na Davenport zote zina timu katika ligi hiyohiyo, na kutoka kwako ni mwendo wa saa mbili hadi mbili na nusu kwa gari. Angalia ratiba timu yake inakuja lini. Fika mapema, wakati wa mazoezi ya kupiga, ukae nyuma ya mdakaji, upande kidogo. Usihesabu vipigo. Tazama afanyavyo akiwa na straiki mbili na mpira unaopinda ukikimbia nje ya eneo la straiki: je, anaufuata kama mwaka jana, au mikono inasimama? Mipira anayoigonga inakwenda kwa mstari mkali hata kama inadakwa, au inapaa juu kama kishada? Hilo ndilo jibu la ile .271 niliyokuachia juu. Ukiona mistari mikali inaishia kwenye glavu za watu, rudi nyumbani ukalale. Ukiona vishada vitatu kwa jioni mbili, kuna kazi ya kufanya na kocha wake anaijua.

La mwisho ni la kibinadamu zaidi. Mkikutana na baba yake kanisani au dukani, usimuulize amepiga ngapi jana. Ameshaulizwa na watu kumi. Muulize kama mtoto analala vizuri, anakula nini, anaishi na nani. Maisha yale yamekuwa na nafuu: tangu 2022 klabu zinawapa wachezaji wengi makazi, na mkataba wa 2023 uliupandisha mshahara wa chini wa High-A kutoka dola 11,000 hadi 27,300 kwa mwaka. Bado ni kijana wa miaka 20 aliye peke yake kwenye basi usiku wa manane.

Na akipandishwa Double-A mwezi Agosti, jambo ambalo kwa namba hizi halitanishangaza, wastani wake utaanguka tena, pengine hadi chini ya .200. Wiki mbili za kwanza usifungue simu kabisa. Ya tatu, niandikie uniambie straiki tatu ni ngapi.